Sumbawanga na Mafumbo Yasiyoulizwa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umepangiwa kazi Sumbawanga, hakuulizi kuhusu baridi ya Juni wala bei ya maharage. Anakuuliza umejikinga na nini. Hadithi zinajulikana nchi nzima: radi inayotumwa mchana kweupe, ungo unaotua juu ya bati usiku, mtu aliyelala kitandani kwake akaamka makaburini. Wenyeji wameshazoea, na wengine huifanyia sifa hiyo biashara. Ukimbishia nauli dereva wa bajaji, atakukumbusha kwa upole uko mji gani, nawe utaongeza mia tano.

Mzaha huo sina ugomvi nao. Kinachonikera ni kwamba umekula nafasi yote. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, una mafumbo ya historia ambayo yangekuwa Ulaya yangeandikiwa vitabu kila mwaka. Lakini mgeni akifika anauliza radi, na mwenyeji akiulizwa radi anajibu radi. Na ukitaka ukweli, radi ndiyo yenye fumbo dogo kuliko yote. Uwanda uko mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, umebanwa na mabonde mawili yenye maziwa. Hewa ya joto yenye unyevu ikipanda kuta hizo inazaa mawingu ya ngurumo. Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na sijasikia mtu akisema Wakongo wote wanarushiana. Anayepalilia peke yake katika shamba lisilo na mti, jembe mkononi, ndiye kitu kirefu kuliko vyote mahali pale. Kinachobaki ni kwa nini iwe yeye na isiwe jirani yake, na hilo mtaalamu wa hali ya hewa hana jibu lake, ndiyo maana mganga hakosi wateja.

Fumbo jingine linalopendwa ni dhahabu ya Mjerumani. Karibu kila boma la Mjerumani nchini lina watu wake wa kuchimbachimba usiku, wenye ramani iliyochakaa na kifaa cha kunasa madini walichokodi kwa mkopo, na Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, haikuachwa nyuma. Wajerumani waliiita Bismarckburg. Juni 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yalilikaribia boma hilo kwa nchi kavu, na kwa upande wa maji alikuwapo Kamanda Geoffrey Spicer-Simson na boti zake zilizosafirishwa kwa reli na kukokotwa porini kutoka Cape Town. Kamanda aliitazama mizinga ya bomani, akaona heri arudi nyuma. Usiku Wajerumani na askari wao wakapanda mitumbwi wakatoweka. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mizinga iliyomtisha ilikuwa ya mbao.

Kisa hicho peke yake kinatosha kumchekesha mtu mwaka mzima, lakini wachimbaji hawakitaki. Wanataka sanduku. Dhahabu inayotajwa zaidi katika hadithi hizi ni ile sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka huohuo wa 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tabora ni mamia ya kilomita kutoka Kasanga, na kikosi kinachotoroka usiku kwa mitumbwi hakina muda wala sababu ya kuzika utajiri ambao hakikuwa nao. Sarafu zenyewe ziko mikononi mwa wakusanya sarafu, zinauzwa minadani kwa bei inayojulikana. Hadithi inaendelea kwa sababu ina faida kwa mwenye kuuza ramani.

Sasa toka mjini ushike njia ya Nkansi, au ingia vijiji vya ndani, uulize malungu.

Utaoneshwa mnara wa udongo umesimama peke yake shambani, katikati ya mahindi au ulezi, wenye urefu wa karibu mita 3, mpana chini na umefinyika juu. Juu uko wazi. Kuzunguka kitako una milango midogo midogo ambayo mtu mzima anaingiza kichwa na mabega tu. Pigapiga kwanza kwa fimbo, maana nyoka naye hupenda nyumba ya udongo, kisha chungulia. Ukuta kwa ndani umeiva rangi ya tofali, na sehemu ya chini imepakwa kitu cheusi kinachong'aa kama chupa iliyoyeyuka ikaganda ikitiririka. Nje, majani yakifyekwa, yako mavi ya chuma: vipande vyeusi vyenye matundu ya hewa, vingine vikiwa bado na alama ya mkaa uliogandana navyo. Okota kimoja. Ni kizito kuliko ulivyodhani, kwa kuwa chuma kingi kilibaki humo humo.

Hilo ndilo ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma. Mengi yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, na mengi yamekwisha kumeguka kwa mvua, ng'ombe na majembe. Lakini yaliyobaki yanatosha kumsimamisha mtu yeyote anayejua kidogo habari za moto, kwa sababu tanuri hili halikuvutwa na mtu. Mahali pengi duniani, ili kupata joto la kutenganisha chuma na mtapo, watu walikaa wakipiga mivukuto usiku na mchana, wakipokezana. Mfipa alijenga bomba refu, akalijaza kuni, makaa na mtapo kwa tabaka, akawasha chini akasubiri. Hewa ya moto ikipanda inavuta hewa baridi kupitia milango ya kitakoni, na jinsi mnara ulivyo mrefu ndivyo mvuto unavyozidi. Moto unajipuliza wenyewe kwa siku kadhaa. Ndani yake hewa ya kaboni monoksaidi inaupokonya mtapo oksijeni yake. Chuma hakiyeyuki, maana kuyeyuka kwake kunataka nyuzi 1,538 za Selsiasi na tanuri la udongo halifiki huko. Kinachoyeyuka ni uchafu, unatiririka chini, na chuma kinabaki bonge lenye matundu.

Kisha linakuja jambo linalowaumiza wataalamu vichwa. Mahali pengi Afrika bonge likitoka tanurini linakwenda kwa mhunzi, basi. Ufipa bonge lilipelekwa kwanza kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Likachomwa upya, likasafika, ndipo likafuliwa jembe, shoka au mkuki. Kwa nini kazi ifanywe mara mbili? Jibu moja ni kwamba mtapo wa Ufipa ni hafifu na ilungu linatoa chuma kichafu. Lakini aliyegundua kwamba uchafu huo utaondoka kwenye tanuri dogo la aina nyingine, alijuaje? Alijaribu mangapi kabla? Na kwa nini asibaki na tanuri dogo tangu mwanzo, apunguze kukata miti? Ilungu linakula misitu. Pengine mikono ilikuwa michache na miti mingi, na mtu akaamua kuokoa mikono. Hiyo ingekuwa hesabu ya uchumi ya kiwango cha juu, imefanywa na watu ambao vitabu vyetu vya shule vinawataja kwa sentensi moja: Wafipa walifua chuma.

Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti upande wa Nkansi miaka ya 1990 na kutofautisha aina tatu za kuyeyusha chuma katika nchi hiyohiyo: katukutu, malungu na Barongo. Ya katukutu, inayoonekana zaidi kuelekea mwambao wa ziwa, ni ya kale kuliko malungu. Wazee waliweza kueleza malungu kwa undani. Kuhusu katukutu simulizi zinanyamaza. Kwa hiyo katika nchi moja, ndani ya karne chache, watu walibadili kabisa namna ya kupata chuma. Waliondoka wa kwanza wakaja wengine? Au watoto waliacha njia ya baba zao? Mavi ya chuma yanapimika umri na kemia, lakini hayasemi lugha ya aliyeyaacha.

Nimetaja kemia kwa sababu naiamini, ila wenye kazi wenyewe hawakuanzia hapo. Kwao ilungu lilikuwa mwanamke. Lilipojengwa lilikuwa bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa. Lilipowashwa lilikuwa mama anayejifungua. Wanaume walihamia porini kwenye kambi ya kazi wakakaa mbali na wake zao, kwani mtu hawezi kuwa na bibi harusi mpya akarudi kulala kwa mwingine, halafu ategemee mimba ikae. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa: mizizi, magome, vitu vya porini, vilivyowekwa chini ya tanuri au kunyunyiziwa. Msomi wa leo anapenda kuuliza kipi katika kikapu kile kilikuwa uganga na kipi kilikuwa kiyeyushi kilichosaidia uchafu kutiririka. Mimi nadhani fundi angeliona swali hilo kuwa la kitoto. Chuma kilizaliwa au hakikuzaliwa. Kikizaliwa, dawa ilifanya kazi, moto ulifanya kazi, na wewe hukutoroka usiku kwenda nyumbani.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Mafundi hawa hawakuwa watu wa zama za mawe ambao sauti yao haiwezi kutufikia. Walikuwapo juzi. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika kuwahusu, wapagani na Wakristo, katika jarida la Anthropos mwaka 1914, kwa Kifaransa. R. C. H. Greig akaandika juu ya uyeyushaji wao katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, kwa Kiingereza. J. A. R. Wembah-Rashid, wa Makumbusho ya Taifa, akachapisha habari za wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969, wakati wazee waliojua kazi hiyo walikuwa bado wanahesabika. Wakati huohuo majembe ya kiwandani yaliingia kwa bei rahisi, kodi ikadaiwa kwa fedha, vijana wakaenda vibarua kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, mapadri wakakemea dawa za kikapu, na matanuri yakazimwa moja moja bila tangazo. Mjukuu wa fundi, akitaka leo kujua babu yake alipanga vipi kuni na mtapo, ajifunze kwanza Kifaransa.

Linganisha na Kagera. Katikati ya miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi Buhaya akakuta wazee ambao waliwahi kuyeyusha chuma ujanani. Wakajenga tanuri upya, wakapiga mivukuto, wakashindwa, wakarekebisha, wakafanikiwa. Makala aliyoiandika na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978 iliwatikisa wengi kwa kudai kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wapo waliopinga, na ubishi haujaisha, lakini ni ubishi wenye nyama. Unahusu kitu kilichoonekana kikitendeka mbele ya watu. Na juu yake kuna ubishi mkubwa zaidi wa bara zima: je, Afrika kusini ya Sahara ilijifunza chuma kutoka kaskazini, au ilikigundua yenyewe? Ushahidi wa pande zote mbili unabishaniwa hadi leo. Burkina Faso haikungoja ubishi uishe. Mwaka 2019 matanuri yake ya kale yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ya kwetu yamezungukwa na mahindi, na mkulima akiamua kusawazisha shamba hakuna atakayemzuia.

Kuna fumbo la namna nyingine kabisa, ambalo shahidi wake anasema sana tu, ila anasema kwa mafumbo. Ni la Milansi.

Simulizi, kama alivyoikusanya mwanaanthropolojia Roy Willis aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, inasema kwamba mfalme wa kwanza wa nchi alikuwa Ntatakwa, na makao yake yalikuwa Milansi, karibu na mlima mtakatifu wa Itweelele. Siku moja mfalme wa Milansi alitoka kwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja, na asiwape kigoda cha ufalme. Wageni wakaja. Walikuwa wanawake, wametoka mbali. Mke akawapa kigoda. Mume aliporudi hakushika mkuki, aliyakubali yaliyotokea. Wale wageni wakawa chimbuko la Watwa, nasaba iliyotawala Ufipa na baadaye kugawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Milansi ikabaki na eneo dogo na heshima ya ukubwa wa kuzaliwa. Jina halijafa: Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga.

Walikuwa nani hao wanawake? Waandishi wa zama za ukoloni walikuwa na jibu tayari hata kabla ya kuuliza. Wakati ule ilitamba dhana ya Wahamiti, ambayo C. G. Seligman aliipa nguvu kwa kitabu chake cha mwaka 1930: kwamba chochote cha maana Afrika, ufalme, ng'ombe, chuma, kililetwa na watu weupeweupe kutoka kaskazini. Wageni waliopewa kigoda waliingia katika dhana hiyo bila kusukumwa. Dhana yenyewe ilikwisha kufanya madhara makubwa kusini zaidi. Great Zimbabwe iliitwa fumbo kwa miongo mingi, ikadaiwa ni kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ingawa David Randall-MacIver alionesha tangu 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929. Serikali ya walowezi haikupenda jibu, ikaendelea kulipenda swali. Ndiyo maana mimi neno la ajabu likitamkwa juu ya kazi ya mikono ya watu weusi, huwa natazama kwanza nani analitamka.

Lakini kuitupa dhana hiyo hakutupi jibu la Milansi. Huenda Watwa walitoka upande wa Burundi, kwa jamaa za wafugaji, na wapo wasomi wanaoelekea huko. Huenda wanawake wa hadithi ni koo, na mke aliyetoa kigoda ni ukoo ulioungana na wageni dhidi ya mfalme. Willis aliona humo zaidi ya historia ya matukio: namna Wafipa wanavyoufikiria ulimwengu, wenye kichwa na kiuno, Milansi kichwa kinachojua na Watwa kiuno chenye nguvu, na hakuna kinachoishi bila mwenzake. Hilo naliona ni zuri sana, pengine zuri mno. Mimi navutiwa na jambo la kawaida zaidi: katika hadithi nzima hakuna aliyeuawa. Watwa wanapata utawala bila kuitwa wanyang'anyi, Milansi inapoteza nchi bila kuitwa iliyoshindwa, na lawama yote inabebwa na mwanamke mmoja ambaye hakupewa nafasi ya kujieleza. Hadithi inayomfaa kila aliyebaki hai huwa imepigwa randa na mikono mingi. Chini ya randa hiyo kulikuwa na nini, damu au mkataba, hatujui.

Naelekea kidogo upande wa mkataba, kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, katika miaka ambayo majirani wengi walikuwa wakikimbizana na bunduki za biashara ya watumwa, alikuta watu wanalima na kuuza, akashangazwa na utulivu wao. Willis aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1981, akijaribu kueleza jinsi nchi iliyokuwa na historia ya vita ilivyogeuka kuwa ya sheria na biashara katika karne hiyo mbaya. Ulimwengu hauna upungufu wa vitabu vinavyoeleza kwa nini watu walipigana. Vinavyoeleza kwa nini waliacha ni vichache, na Ufipa ina kimoja.

Ukitaka fumbo ambalo hakuna wa kulaumiwa, shuka kusini hadi uwanda unapoishia. Pitia Matai, fika Kapozwa, utayasikia maji kabla ya kuyaona. Mto Kalambo unafika ukingoni na kuanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, ukingo huu Tanzania, ukingo ule Zambia. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, J. Desmond Clark aligundua mwaka 1953 mahali palipokaliwa na watu kwa muda mrefu usio wa kawaida, na alipochimba akakuta, pamoja na mawe, vipande vya mti vilivyohifadhika kwa sababu havikuwahi kukauka. Wakati ule hapakuwa na njia ya kupima umri mkubwa kiasi hicho. Timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi mwaka 2019, na Septemba 2023 ikatangaza katika jarida la Nature magogo mawili yaliyolala moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae vizuri juu ya la chini. Umri: karibu miaka 476,000.

Tarakimu hiyo inafaa kusomwa polepole. Mabaki ya kale kabisa ya binadamu wa aina yetu yanayofahamika, ya Jebel Irhoud nchini Morocco, yana miaka 300,000 hivi. Aliyechonga gogo la Kalambo alitutangulia kwa muda unaozidi nusu ya muda wote ambao sisi tumekuwapo. Hakuna mfupa wake uliopatikana mahali pale. Fuvu la Kabwe, lililochimbuliwa Zambia mwaka 1921 na mara nyingi likitajwa mchongaji huyo anapotafutwa, lilipimwa upya mwaka 2020 likakutwa la miaka kama 300,000, kwa hiyo nalo ni la mtoto wa juzi. Kugonga jiwe upate makali, hilo lilifanyika zamani zaidi. Kuchonga kitu kikae juu ya kingine ni jambo tofauti: lazima ukione kichwani kikiwa kimekaa, kabla hakijakaa. Wachimbaji wenyewe wanasita kusema kilikuwa nini: jukwaa la kuepuka tope, kivuko, au msingi wa kibanda. Alikuwa na lugha ya kumwambia mwenzake shika upande ule? Alikaa hapo mwaka mzima au alipita na msimu wa samaki? Hapo hakuna mjukuu wa kuulizwa, na anayesema hajui anasema kweli yote.

Kwa hiyo, ukinibana nichague, nitasema mafumbo ya Ufipa hayalingani hadhi. Kalambo tunaduwaa kwa haki. Milansi tunaduwaa kwa sababu wazee walitaka tuduwae, na inawezekana walikuwa na busara yao. Dhahabu ya Kasanga ni ulaji wa watu. Malungu ndiyo aibu yetu, maana hilo tulipewa jibu likiwa hai, likiwa na miguu na mikono na jina la ukoo, tukalipita njiani tukikimbilia habari za ungo. Sisemi haya kumkejeli anayeogopa radi. Waliofiwa nayo wapo, na kilio chao si mzaha.

Ila bado kuna kitu kimebaki. Mafundi wamekufa, lakini waliowapelekea chakula kambini wakiwa watoto, waliosimuliwa na baba, waliofundishwa wimbo mmoja wa kazi bila kujua ulikuwa wa nini, wengine wapo Chala, Laela, Namanyere na vijiji vya ndani ya hapo. Kama wewe ni mwalimu au mwanafunzi katika mkoa wa Rukwa, nenda kwa mwenye shamba lenye ilungu. Msalimie kwa heshima ya pale, kaa chini, muulize aliambiwa nini, na nani, wa ukoo gani. Muulize mtapo ulichimbwa wapi na kuni zilikuwa za mti upi, kwa jina la Kifipa. Rekodi kwenye simu, andika kwa Kifipa kwanza, tafsiri baadaye, na weka jina la aliyesema kama atakuruhusu. Piga picha ya tanuri kutoka pande zote nne, pima urefu na hesabu milango. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine peleka maktaba. Haitaki mfadhili. Inatosha Jumapili moja baada ya misa, wakati wazee hao bado wanakwenda misa kwa miguu yao.